Bolti za Mwambani: Historia ya Kuzipachika na Kuzitunza

Bolti ya mwambani ni kipande cha chuma kinachochimbiwa ndani ya jiwe ili kamba ya mpanda miamba ipate mahali pa kushikwa. Nyingi hazizidi urefu wa kidole. Upande wa nje hufungwa bamba lenye tundu. Mpandaji hupachika karabina, yaani pete ya metali yenye mlango, kwenye tundu hilo, akapitisha kamba, na akianguka uzito wake wote huishia hapo. Mara nyingi anayeanguka hamjui aliyetoboa jiwe, wala mwaka aliolitoboa, wala aina ya chuma aliyotumia. Ndiyo maana historia ya bolti ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa wale waliozipachika, na umeandikwa sana. Wa pili ni wa wale waliorudi miaka ishirini au arobaini baadaye kuzikagua, kuzing'oa na kuweka mpya. Huo haukupata sifa nyingi, ingawa ndio unaoamua kama njia iliyofunguliwa jana itapandwa kwa usalama kesho.

Pitoni za Alps na pete za Saxony

Mwanzoni mwa karne ya 20, wapandaji wa milima ya Alps walitegemea pitoni, yaani msumari mnene unaogongwa ndani ya ufa wa jiwe. Karibu na mwaka 1910 Hans Fiechtl alitengeneza pitoni yenye jicho lililo sehemu ya chuma chenyewe, na katika miaka hiyohiyo Otto Herzog wa Munich akaanza kutumia karabina kuunganisha kamba na pitoni. Vifaa hivyo viwili viliwafungulia watu kuta ambazo awali hazikuthubutiwa. Hata hivyo pitoni huhitaji ufa. Mahali ambapo jiwe ni laini na halina mpasuko, haina pa kuingia.

Mashariki mwa Ujerumani, kwenye majabali ya mchanga yaliyo kando ya mto Elbe karibu na Dresden, tatizo lilikuwa la namna nyingine. Jiwe la huko ni dhaifu, na pitoni zikigongwa na kung'olewa mara kwa mara hulibomoa. Wapandaji wa Saxony, wakiongozwa na watu kama mwanasheria Rudolf Fehrmann, walijiwekea kanuni kali: mtu apande kwa mikono na miguu yake, na chuma kiwe cha kumlinda tu asifike chini akianguka. Walichokubali ni pete nene za chuma, chache na zenye nafasi kubwa kati yake, zinazochimbiwa na mpandaji wa kwanza akiwa anapanda kutoka chini. Pete hizo hazikuachwa zijiozee. Chama cha wapandaji wa Saxony, Sächsischer Bergsteigerbund, kilichoundwa mwaka 1911, kina desturi ya kuzikagua na kubadilisha zilizochakaa. Sehemu nyingine za dunia zilichukua miongo mingi kabla ya kufikia wazo hilo, kwamba chuma cha mwambani ni mali ya jamii inayokitumia na kwamba jamii hiyo ina wajibu wa kukitunza.

Shiprock, 1939

Shiprock ni jabali lililosimama peke yake kwenye jangwa la New Mexico, Marekani, likipanda kiasi cha mita 480 juu ya ardhi inayolizunguka. Kwa Wanavajo ni mahali patakatifu, na leo Taifa la Navajo haliruhusu mtu kulipanda. Katika miaka ya 1930 wapandaji kadhaa walilijaribu wakashindwa. Mmoja wao, Robert Ormes, alianguka akanusurika kwa kushikwa na pitoni moja iliyopinda kwa kishindo cha anguko.

Mwezi Oktoba 1939 walifika wapandaji wanne kutoka California: David Brower, Raffi Bedayn, Bestor Robinson na John Dyer. Pamoja na pitoni walibeba bolti za kupanuka, za aina ambayo mafundi wa ujenzi walizoea kuifungia vitu kwenye zege na mawe. Walizitumia nne tu, mbili kwa vituo vya kufungia kamba na mbili kwa kujikinga wakati wa kupanda, na wakafika kileleni. Kwa kawaida safari hiyo hutajwa kuwa ya kwanza kutumia bolti katika upandaji miamba wa Marekani. Brower baadaye aliliongoza shirika la mazingira la Sierra Club na kuwa mmoja wa watetezi mashuhuri wa mazingira nchini humo.

Bolti ya kupanuka hufanya kazi kwa msuguano. Fundi hutoboa tundu la kipimo maalumu, akaingiza chuma, na anapokikaza au kukigonga sehemu ya ndani hutanuka na kubana kuta za tundu. Nguvu yake hutegemea mambo matatu: jiwe liwe zima, tundu liwe la kipimo sahihi, na chuma kisiliwe. Makosa ya jiwe na ya tundu mara nyingi fundi mwangalifu huyagundua siku ileile. Kosa la chuma huja taratibu, tena ndani ya jiwe kusikoonekana.

Bolti za robo inchi

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kitovu cha upandaji wa kuta kubwa kilikuwa bonde la Yosemite, California. Itale ya huko ni ngumu, na kutoboa kwa mkono ni kazi ya jasho: mpandaji hushika tindo kwa mkono mmoja na nyundo kwa mwingine, akagonga, akazungusha tindo kidogo, akagonga tena. Kila milimita ya upana huongeza mapigo mengi ya nyundo. Ndiyo sababu bolti iliyopendwa ilikuwa ya robo inchi, yaani kiasi cha milimita 6, iliyoingia jiweni sentimita tatu hivi.

Warren Harding ndiye aliyeonyesha bolti hizo zinaweza kumfikisha mtu wapi. Kati ya mwaka 1957 na 1958, yeye na wenzake waliupanda ukuta wa El Capitan, wenye kimo cha mita 900 hivi, kwa njia iitwayo The Nose. Kazi hiyo iliwachukua siku 45 za kupanda zilizotawanyika katika zaidi ya mwaka mmoja, na bolti zipatazo 125. Usiku wa mwisho Harding alitoboa matundu 28 gizani kwenye sehemu ya juu inayoning'inia nje, na alfajiri ya tarehe 12 Novemba 1958 akasimama kileleni. Wayne Merry na George Whitmore walikuwa pamoja naye katika awamu hiyo ya mwisho.

Harding na wenzake walitaka chuma cha kuwabeba wao na mizigo yao hadi juu. Hawakuwa wakijenga barabara ya umma. Lakini kilichofuata kilikuwa hichohicho: njia ikapata jina, ikaandikwa vitabuni, na maelfu ya watu wakaja kuning'inia kwenye vyuma vilevile.

Magomvi ya miaka ya 1970

Mwaka 1970 mjadala wa bolti uligeuka ugomvi. Huko Patagonia, Mwitaliano Cesare Maestri alivuta hadi kwenye mnara wa barafu na itale wa Cerro Torre mashine ya kukandamiza hewa inayotumia petroli, akapachika bolti zipatazo 400. Mwaka huohuo Harding na Dean Caldwell walikaa siku 27 kwenye ukuta wa El Capitan wakifungua njia nyingine iliyotumia bolti nyingi. Mwaka uliofuata Royal Robbins, mpinzani mkuu wa Harding, aliifuata njia hiyo akikata bolti kwa patasi. Baada ya kuonja ugumu wa upandaji wenyewe, aliacha kukata akaendelea hadi juu.

Katika miaka hiyo Reinhold Messner aliandika makala mashuhuri akilalamika kwamba bolti zinaua jambo lisilowezekana, kwa maana kila ukuta unaweza kushindwa na mtu mwenye subira na drili. Mabishano hayo hayakuisha haraka. Mwaka 2012 Hayden Kennedy na Jason Kruk waliipanda Cerro Torre, kisha wakateremka wakiziondoa takribani bolti 120 za Maestri, na dunia ya wapanda milima ikagawanyika upya.

Swali la kizazi hicho lilikuwa kama ni haki kuiweka bolti. Lilikuwa swali la msingi, ila lilifunika jingine: iliyokwisha kuwekwa itatunzwa na nani?

Drili ya betri

Jibu lilianza kuhitajika haraka katika miaka ya 1980. Kwenye makorongo ya Verdon na Buoux nchini Ufaransa, na Smith Rock katika jimbo la Oregon ambako Alan Watts alikuwa akifungua njia, wapandaji walianza kushuka kwa kamba kutoka juu, kusafisha mawe yaliyolegea na kupachika bolti karibukaribu kabla ya kupanda. Mwaka 1986 Mfaransa Jean-Baptiste Tribout alipanda hapo Smith Rock njia iliyokuwa ngumu kupita zote Marekani wakati huo. Drili ya betri nayo ilifanya kwa dakika chache kazi iliyomchosha mtu mwenye tindo nusu saa au zaidi, kwa hiyo bolti za milimita 10 na 12 zikawa za kawaida.

Mtindo huu ulibadilisha kazi ya bolti. Zamani mpandaji aliomba asiijaribu. Sasa kuanguka kukawa sehemu ya mazoezi: mtu hurudia hatua moja ngumu mara nyingi kwa siku, na kila akikosa hudondokea bolti ileile. Njia maarufu hubeba mianguko kama hiyo mwaka hadi mwaka. Bolti ikawa miundombinu, na miundombinu huhitaji mafundi.

Kubadilisha chuma cha wazee

Kufikia miaka ya 1990, bolti za robo inchi za Yosemite zilikuwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Nyingine zilitoka kwa kuvutwa kidogo. Hata mabamba hayakuaminika yote. Yale yaliyotengenezwa na Ed Leeper, yaliyotumika sana katika miongo iliyotangulia, yalionekana kupata nyufa, na mwaka 2004 mtengenezaji mwenyewe aliwataka watu waache kuyatumia.

Mwaka 1998 Chris McNamara, kijana aliyekuwa akizipanda kuta hizo mara kwa mara, alianzisha American Safe Climbing Association, shirika la kubadilisha bolti chakavu kwa michango ya wapandaji. Kazi yake haikuwa kuongeza bolti. Kanuni ilikuwa chuma kipya kwa chuma cha zamani, moja kwa moja, na ikiwezekana katika tundu lilelile, ili tabia ya njia isibadilike na jiwe lisijae makovu.

Utaratibu wenyewe huhitaji subira. Fundi huning'inia kwenye kamba mbele ya bolti ya zamani, akachukua pitoni iliyochongwa mwanya katikati na kuigonga nyuma ya bamba, mwanya ukipita pande mbili za bolti. Kisha hugonga nyingine nene zaidi, na nyingine tena, chuma kikisogea nje kidogo kidogo hadi kichomoke. Akilazimisha kwa mtaimbo, bolti huvunjika na kipande kubaki ndani. Tundu likiwa tupu, hulipanua hadi milimita 10 au 12 na kuongeza kina chake. Katika nyika iliyohifadhiwa kisheria, kama sehemu kubwa ya kuta za Yosemite, drili ya mota hairuhusiwi, hivyo kazi yote ni tindo na nyundo. Kila baada ya muda huingiza mpira mwembamba tunduni, akafumba macho na kupuliza vumbi. Vumbi likibaki, bolti haitabana sawasawa. Mwishoni huingiza bolti isiyoshika kutu, akafunga bamba na kukaza nati kwa spana mpaka kipimo kilichowekwa na kiwanda. Nati iliyolegea huacha bamba lizunguke. Iliyokazwa kupita kiasi huikata hesi au kuidhoofisha bolti kabla haijabeba mtu yeyote.

Bahari ilipokula chuma kisichoshika kutu

Wakati Wamarekani wanabadilisha chuma cha zamani, tatizo la kutisha zaidi lilijitokeza kusini mwa Thailand. Majabali ya chokaa ya Railay na Tonsai, katika mkoa wa Krabi, huinuka moja kwa moja kutoka ufukweni, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 wapandaji kutoka pande zote walimiminika huko. Wafunguaji wa njia walijua chuma cha kawaida kitaoza kwa chumvi, wakaweka chuma kisichoshika kutu, hata kile cha daraja la 316 kinachotumika kwenye vyombo vya baharini. Baada ya miaka michache bolti hizo zilianza kukatika. Nyingine zilikatika kwa uzito wa mtu aliyening'inia tu, ilhali kwa nje hazikuonyesha zaidi ya madoa machache ya kahawia.

Chanzo ni ufa unaozaliwa na kutu na mkazo vikikutana. Mkazo umo ndani ya chuma tangu kiwandani, pale bamba lilipokunjwa, na huongezeka nati inapokazwa. Kloridi hutoka baharini. Jiwe la chokaa huongeza la kwake: maji yanayopenya ndani yake huyeyusha kalsiamu na magnesiamu, na chumvi za madini hayo hunyonya unyevu hewani zikabaki majimaji makali juu ya chuma hata siku isiyo na mvua. Bolti iliyo chini ya mwamba unaoning'inia huathirika zaidi, kwa kuwa mvua haifiki kuiosha. Ufa huanza mdogo sana, ukasambaa matawi ndani ya chuma, na bolti hukatika ghafla bila kupinda.

Wahandisi walizoea kuamini kwamba hali hiyo hutokea kwenye joto kali tu, la nyuzi 50 au zaidi. Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa mahali pengine. Tarehe 9 Mei 1985 dari ya zege ya bwawa la kuogelea la ndani huko Uster, Uswisi, iliporomoka na kuua watu 12. Ilikuwa imening'inizwa kwa fito za chuma kisichoshika kutu, nazo zilipasuka kwa kloridi iliyotokana na dawa ya maji, katika hewa yenye uvuguvugu tu. Mwaka 2008 Angele Sjong na Lawrence Eiselstein walichapisha uchunguzi uliothibitisha kwamba bolti za wapandaji zinazokatika pwani zinakufa kwa namna hiyohiyo.

Dawa iliyopatikana ni titani, metali ambayo kloridi ya baharini haiiumizi katika mazingira hayo. Huko Thailand wapandaji walianza kubadilisha njia moja baada ya nyingine kwa bolti za titani zilizogandishwa kwa gundi ya epoksi, na kazi kama hiyo ilifanyika Cayman Brac katika bahari ya Karibea. Bolti ya gundi haitanui jiwe, na gundi huziba tundu maji yasiingie. Usalama wake wote umo katika usafi: tundu hupigwa brashi na kupulizwa zaidi ya mara moja, gundi ya kwanza inayotoka kwenye mrija kabla haijachanganyika vizuri hutupwa, na bolti haiguswi hadi gundi ikauke kabisa. Gundi iliyoshikana na vumbi badala ya jiwe hutoka pamoja na bolti.

Kanuni na vipimo

Umoja wa vyama vya kupanda milima duniani, UIAA, ulioanzishwa Chamonix mwaka 1932, una kanuni namba 123 inayohusu vyuma vya mwambani. Ulaya ina EN 959. Chini ya kanuni ya Ulaya, bolti mpya iliyojaribiwa kwenye zege lazima ihimili kilonewtoni 25 ikivutwa kuelekea chini sambamba na ukuta, na 15 ikivutwa kuelekea nje. Kilonewtoni 25 ni karibu uzito wa tani mbili na nusu. Kwa miaka mingi kanuni hizo zilipima nguvu ya siku ya kwanza bila kusema lolote kuhusu mwaka wa kumi. Mwaka 2020 UIAA iliirekebisha kanuni yake na kuziweka bolti katika madaraja kulingana na uwezo wa kustahimili kutu, ili anayefungua njia ya pwani asinunue chuma cha bara.

Ukaguzi na marekebisho

Ukaguzi wa kawaida huanza kwa macho. Alama za hatari ni kutu inayotiririka chini ya bamba, utando mweupe wa chumvi, jiwe lililopasuka kuzunguka tundu, na bolti na bamba vya metali tofauti, kwani metali mbili zikilowa pamoja moja huila nyenzake. Kisha huja mkono: bamba lisizunguke, na bolti ya gundi isitikisike hata kidogo. Mwisho ni nyundo. Pigo jepesi kwenye jiwe zima hutoa mlio mkali. Mlio wa kitu kilicho wazi ndani huonyesha kipande kilichoachana na mwamba, na hapo bolti huhamishwa.

Kituo cha juu huchakaa kwa sababu nyingine. Kila mtu anayeshushwa huburuta kamba kwenye pete, na mchanga ulioshikwa na kamba husaga chuma mpaka kufanya mfereji. Kwa hiyo kikundi kinachopokezana zamu kwenye njia moja hutakiwa kutumia karabina zake, na kuziachia pete mtu wa mwisho peke yake. Karabina za alumini zinazoachwa mwambani kwa muda mrefu nazo hukaguliwa, maana kamba huzichonga makali yanayoweza kuikata kamba yenyewe.

Bolti yenye dosari hupewa alama, huripotiwa kwa chama kinachohudumia eneo, na hubadilishwa na mtu aliyefunzwa. Tundu lisilotumika tena huzibwa kwa epoksi iliyochanganywa na unga wa jiwe lilelile. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii gharama ya kuchelewa hulipwa kwa mwili wa mtu.

Sheria na mwenye dhamana

Sheria zimekuwa zikiifuata historia hii kwa nyuma. Mwaka 2023 mamlaka za hifadhi na misitu za Marekani zilipendekeza kuzihesabu bolti kama miundo iliyokatazwa na sheria ya nyika ya mwaka 1964, isipokuwa kwa kibali maalumu. Wapandaji walipinga wakisema kwamba kila kizuizi cha kubadilisha bolti mbovu huiacha bolti mbovu mahali pake. Mapendekezo hayo yaliondolewa, na tarehe 4 Januari 2025 ilisainiwa sheria ya EXPLORE inayotambua bolti kuwa sehemu halali ya upandaji katika maeneo ya nyika, chini ya usimamizi wa mamlaka.

Katika nchi nyingi bado hakuna ofisi inayomiliki bolti. Aliyeipachika huenda amehama au amefariki, mwenye ardhi hana ujuzi nayo, na mpandaji huiona kwa mara ya kwanza akiwa juu. Pengo hilo huzibwa na vyama vya hiari, kwa michango ya watumiaji, na kwa kumbukumbu zinazoonyesha kila njia iliwekwa chuma gani na mwaka gani. Mahali palipo na kumbukumbu hizo, bolti hubadilishwa kabla haijakatika. Zisipokuwapo, hali ya chuma hujulikana siku mtu anapoangukia juu yake.